Aliyekataa Kupozwa

1

Waokoaji wote walionusurika siku ile ya ajali ya Njia ya Nne walikuwa wameshaingia Jokofuni, isipokuwa Tusajigwe. Watu sita waliingia mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja, wakarudi kazini wakiwa na nyuso tulivu na hamu nzuri ya kula. Yeye, mwaka na miezi miwili sasa, alikuwa anaitwa, anakuja, anakaa kwenye kiti, anasoma fomu mpaka mstari wa mwisho, kisha anairudisha mezani bila saini na kuaga kwa adabu. Adabu alikuwa nayo. Ubishi pia alikuwa nao, tena wa kurithi, maana kwao Busokelo watu husema ukoo huo ukiambiwa mvua inanyesha hutoka nje kwanza kuhakikisha.

Kwenye makaratasi mashine ile iliitwa Kipoza Kumbukumbu. Lakini wafanyakazi wa Kituo cha Mvuke cha Itubukilo, watu wanaoshinda ndani ya mlima wakikamata joto la ardhi na kulipeleka mijini kama umeme, hawakuwa na muda wa majina marefu. Waliiita Jokofu, na jina likashika.

"Alama yako ya hofu leo ni sabini na moja," alisema Daktari Shemahonge, akimfungua mkanda wa kipimo kifuani. Alikuwa Msambaa mpole aliyeletwa pamoja na mashine hiyo miaka mitatu iliyopita, na watu walipenda kutania kwamba vyote viwili vilishushwa kwenye sanduku moja. "Mwezi uliopita ilikuwa sabini na tatu."

"Basi nashuka," alisema Tusajigwe.

"Kwa mwendo huo utafika thelathini ukiwa na wajukuu. Na kanuni, dada yangu, haisubiri wajukuu. Mkuu wa kikosi lazima awe chini ya thelathini."

Tusajigwe alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mashamba ya chai, na mabomba makubwa ya mvuke yalikuwa yanatoka mlimani na kushuka bondeni. Katika chumba kile kulikuwa na watu watatu: daktari, muuguzi na yeye. Alishawahesabu alipoingia, akawahesabu tena alipokaa, na sasa akawahesabu mara ya tatu. Hakukaa kiti kilichoupa mlango mgongo. Hakunywa chai yao, kwa sababu birika lao lilikuwa la kupiga mluzi. Jumapili mbili zilizopita mtu aligongagonga benchi kanisani, bila nia mbaya yoyote, na Tusajigwe akajikuta amelala sakafuni chini ya benchi, kitabu cha nyimbo kifuani, huku mchungaji amenyamaza na waumini wote wakimtazama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na watu hulisema hilo kwa kucheka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

"Nieleze tena linavyofanya kazi," alisema.

Daktari hakuchoka kueleza. "Kumbukumbu si jiwe. Kila ukiikumbuka inalainika, kama udongo wa chungu uliotiwa maji, na kwa saa tano hivi inaweza kubadilishwa kabla haijakauka tena. Mashine inakufanya uikumbuke siku ile, halafu katika saa hizo inauzuia mwili usiitie hofu inapokauka. Tukio linabaki lote. Majina, saa, nani alisimama wapi. Kinachoondoka ni moto wake."

"Na mwenzangu Kasyupa anasema anamkumbuka marehemu Ambokile kama anavyoikumbuka namba yake ya simu ya zamani."

"Kasyupa analala, Tusajigwe. Anakula. Anaingia mlimani bila kutapika."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa na usiku wake mwingi ambao angeutoa bure kwa yeyote aliyeutaka.

"Mimi si mwoga, Daktari."

"Hakuna aliyesema wewe ni mwoga. Huo unaitwa msongo wa baada ya kiwewe, na unawapata mashujaa kama unavyowapata wengine. Mwili wako unakulinda na jambo ambalo limekwisha. Haujapata habari kwamba limekwisha." Alikaa. "Ipo njia ya zamani, nilishakwambia. Kusimulia. Mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka, kwa mtu anayesikiliza, tena na tena, mpaka mwili upate habari. Inachukua miezi na haina dhamana. Tumeijaribu mara tisa hapa hapa, na mara zote tisa umefika mlangoni ukaruka."

"Najua."

"Kwa nini unaruka?"

Tusajigwe alisimama akavaa koti lake.

"Watu thelathini na wanne," alisema mwishowe, "wanatembea juu ya ardhi hii kwa sababu ya mikono hii. Miaka kumi na miwili. Siku nikimpoteza mtu mlimani na mikono isitetemeke, sijui kama bado itakuwa mikono yangu. Ndiyo maana naiogopa mashine yako."

"Na mimi namwogopa mwokoaji ambaye mikono yake inatetemeka wakati wa kufunga vali, na nyuma yake kuna watu saba," alijibu daktari, kwa upole ule ule. "Tuna haki sote wawili. Ijumaa saa nne Kamanda anateua mkuu wa Kikosi cha Pili. Kikosi kinakutaka wewe. Ukisaini leo, kesho unapozwa, Ijumaa unavaa mkanda. Usiposaini, Ijumaa hiyo hiyo unarudisha beji na kuhamia stoo ya makoti."

Aliichukua fomu. Safari hii hakuirudisha mezani. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni, na daktari akamtazama akitoka bila kujua afurahi au asifurahi.

2

"Hodi hapa! Hodi, Tusajigwe! Ni mimi, mama Ambokile, na sijagusa mlango!"

Majirani wote walishajifunza. Hakuna aliyegonga mlango wa Tusajigwe. Walisimama kwenye ua wa maua wakapaza sauti, wengine wakijitaja mpaka jina la babu. Hakuwahi kuwaomba. Mmoja alianza, wengine wakafuata, na jambo hilo lilimtia aibu na kumpa faraja kwa wakati mmoja.

"Ugonile, mama. Karibu ndani."

"Ndaga, mwanangu." Mama Ambokile aliingia na chungu cha mbalaga kilichofungwa kwa kanga, ndizi zimepikwa na maharage mpaka zikalainika. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyechuma chai kwa mikono yake miaka arobaini wakati mashamba jirani yote yalishakodi mashine. Hakupenda kuzunguka. Alipakua, akala vijiko vitatu kwa heshima ya chakula, akaweka kijiko chini.

"Nimetoka kwa Kasyupa," alisema. "Nilimwomba anisimulie mwanangu alivyokufa. Akanisimulia. Hakuficha kitu, namshukuru. Lakini, mwanangu, alisimulia kama mtu anayenisomea ratiba ya treni. Saa nane na dakika tano hivi, saa nane na dakika kumi vile. Akaniuliza kama ninataka sukari."

"Amepozwa, mama. Si makosa yake."

"Sijasema ni makosa yake. Nimesema sikusikia kitu. Kwenye mazishi Kamanda alisoma historia ya marehemu, mistari minne, 'alifariki akiwa kazini.' Kazini! Hata mlinzi wa geti akifa usingizini amefia kazini. Kwetu sisi aliyekuwa wa mwisho na marehemu ndiye anayesimama akasema. Wewe ulikuwa mwenzake mlimani. Siku ya kuanua matanga nilikutafuta kwa macho, ukawa umekimbilia kwenye migomba. Nimesikia kesho na wewe unaingia humo. Basi niambie leo, kabla hujawa ratiba."

Tusajigwe alihisi mikono imeanza. Aliibana katikati ya magoti. Alifanya kama daktari alivyomfundisha: akataja kimoyomoyo vitu vilivyo mbele yake, chungu, kanga, kijiko, ndala za mama Ambokile zenye tope jekundu. Pumzi ikarudi nusu.

"Nitasimulia," alisema. "Nikinyamaza, usinisaidie."

Akaanza. Alisimulia bomba la Njia ya Nne lilivyopasuka na mafundi wawili wakabaki ndani. Alisimulia watu wanane wa kikosi walivyoingia wamevaa makoti ya barafu, yale makoti yenye mishipa ya maji baridi, na mvuke ulivyokuwa mzito kiasi kwamba mtu hauoni mkono wake mwenyewe. Redio hazifanyi kazi humo. Kwa hiyo waokoaji wa Itubukilo wana desturi zao. Ya kwanza ni kwamba hakuna anayejijibia. Joto likimpanda mtu kichwani hukwambia yuko salama huku anakufa; basi mnapofika kwenye mlango wa chuma kutoka nje, kila mmoja humjibia mwenzake. Unapapasa bega, unasoma kwa vidole namba iliyochorwa kwenye koti, unasema kwa sauti, namba fulani yupo. Zikitimia zote za kikosi, maana mafundi hawana namba, mlango unafungwa, na ukishafungwa haufunguki kwa dakika arobaini, kwa sababu msukumo wa mvuke nyuma yake ungewachemsha wote.

"Namba ya Ambokile ilikuwa saba," alisema.

"Naijua. Niliishona kwenye sweta lake."

"Fundi mmoja koti lake lilikuwa limechanika." Alikikazia macho chungu. "Ambokile hakumwambia mtu. Alivua lake akamvalisha yule fundi, yeye akavaa lile bovu. Akamsukuma fundi mbele, yeye akabaki nyuma, kwa sababu lile bovu lilikuwa halimwezeshi kukimbia. Tukafika mlangoni. Wakaita namba. Mimi nikanyoosha mkono nikapapasa bega."

Akanyamaza. Hapa ndipo aliporuka mara tisa. Mama Ambokile hakumsaidia.

"Nikakuta saba," alisema Tusajigwe. "Nikasema, saba yupo. Mimi, mama. Si Kasyupa, si Kamanda. Nilikuwa na uso wa yule fundi umbali wa kiganja na sikuinua kioo cha kofia kuutazama. Nilisoma namba. Nikamjibia mtu ambaye hakuwepo, wakafunga mlango."

Mama Ambokile alisimama, akatoka nje, akaacha mlango wazi. Tusajigwe alimwona kupitia mlangoni amesimama kwenye migomba, mgongo umenyooka, mikono kiunoni. Alidhani anaondoka. Alistahili, aliwaza, na maumivu ya kuwaza hivyo yalikuwa makubwa kuliko ya ndoto zote. Lakini mama Ambokile alirudi, akakaa palepale.

"Nimetoka ili nikuchukie," alisema. "Nimejaribu. Endelea, hujamaliza."

"Halafu akagonga."

"Aligongaje?"

"Aligonga tu, mama. Aligonga na kugonga. Namsikia kila siku. Hakomi."

"Mimi sikuwepo. Nionyeshe. Gonga mezani."

Kwa mwaka na miezi miwili Tusajigwe hakuwa amegonga kitu chochote kwa mkono wake. Hata nazi alimpa jirani amvunjie. Aliinua ngumi, akaishusha juu ya mbao. Akafumba macho akaiacha ngumi ifanye ilichokijua.

Ngo, ngo, ngo. Ikapumzika. Ngo, ngo, ngo. Ikapumzika. Ngo, ngo, ngo.

Akafumbua macho. Aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Ni tatu," alisema.

"Tatu ni nini?"

"Tatu, mama! Ni tatu tatu!" Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake na hakushtuka. "Humo ndani tunasemezana kwa kugonga. Moja ni fungueni. Mbili ni ngojeni. Tatu ni nendeni. Kila mmoja wetu anajua, tunafundishwa kabla ya kupewa koti. Mwanao hakuwa anaomba tumfungulie. Alijua tukifungua tunakufa watu tisa. Alikuwa anatuambia twende. Na mimi usiku na mchana namsikia anagonga moja, moja, moja, mpaka masikio yanauma, sijawahi hata siku moja kukaa nikahesabu!"

Mama Ambokile aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka juu ya kanga, mengi, ya mwaka mzima, na Tusajigwe akapiga magoti akalia naye, bila kuona haya na bila kutafuta mlango uko wapi. Kisha yule mama akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, akainuka, na katika nyumba ile ndogo, saa tisa ya alasiri, akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichowafanya kuku wakimbie uani.

"Basi mwanangu hakuachwa," alisema. "Mwanangu aliamuru. Kufa kafa, lakini kafa anatoa amri. Kwa nini hilo halikusomwa kaburini?"

"Hakuna aliyelijua, mama. Sita wamepozwa. Kwao kumeandikwa 'aligonga,' na likishapoa limepoa, hakuna kinachowarudisha kwenda kutazama tena. Na mimi nilikuwa namkimbia."

"Na mimi sisemi kwamba hukukosea. Ungeinua kile kioo." Alimshika kidevu akamwinua uso. "Lakini mwenye kovu usidhani amepoa, na wewe umekaa na kidonda changu kibichi ukinitunzia. Hilo nalo nitalisema, popote nitakapoulizwa."

Msidhani usiku huo Tusajigwe alilala kama mtoto mchanga. Aliamka mara tatu, kajaa jasho, kama kawaida. Tofauti ilikuwa ndogo: kila alipoamka alihesabu, na kila alipohesabu ilikuwa tatu.

3

Ijumaa saa nne kamili kikosi kilikuwa kimejipanga mbele ya lango la mlima. Kamanda Gwakisa alipenda mambo yafanyike mbele ya lango, si ofisini. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuimba besi kwaya, na siku hiyo alishika mkononi mkanda mwekundu wa ukuu na kwapani faili la kanuni. Daktari Shemahonge alisimama pembeni na mwavuli. Jana yake alimsubiri Tusajigwe mpaka Jokofu lilipozimwa.

"Fomu," alisema Kamanda.

Tusajigwe alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa. Kamanda aliikunjua, akatazama chini, mahali pa saini palikuwa peupe.

"Nilidhani tumeelewana."

"Afande, nina maneno. Ni machache, halafu utachukua beji kama ni ya kuchukua."

Akasema. Hakupaza sauti sana, lakini aliwageukia wenzake, na alisema yote: koti lililovuliwa, namba saba, bega alilolipapasa, neno alilolisema. Wageni wa kikosi, ambao waliijua habari hiyo kwa mistari minne tu, walitazama buti zao. Alipofika kwenye kugonga alisema tatu, akapumzika, akasema tatu. Hakuhitaji kufafanua kwa watu wale. Aliona maana ikiwaingia mmoja baada ya mwingine, na mmoja akavua kofia, na wengine wakavua.

"Nataka historia ya Ambokile iandikwe upya," alisema. "Na nataka desturi yetu iongezwe: kupapasa namba hakutoshi, kioo kiinuliwe, uso uonekane. Hayo nisingeyapata Jokofuni. Siwasemi waliopozwa. Kila mtu aubebe mzigo wake kwa kichwa chake. Lakini mimi wangu siutoi ukapozwe. Naujua uzito wake sasa, na ninaweza kutembea nao."

"Unaweza kutembea nao huku juu," alisema Kamanda. Uso wake haukuwa wa hasira. "Unajua kwa nini kanuni ya thelathini ipo? Miaka minane iliyopita, katika kituo nilichokuwa kabla ya hapa, mkuu wa kikosi alishikwa na kiwewe chake ndani ya njia. Hakusema. Alisimama tu kama mti, na waliokuwa nyuma yake wakasimama wakisubiri amri. Nilizika wanne. Niambie wewe ukishikwa humo itakuwaje."

"Nitashikwa, afande. Sitakudanganya." Mikono ilikuwa inatetemeka na aliiacha itetemeke, kila mtu aione. "Nikishikwa, nitasema. Nitasema kwa sauti, nipeni nusu dakika, na nitabisha mara mbili kwa aliye nyuma yangu, ngojeni. Yeye atashika uongozi mpaka nirudi. Kwa siku themanini nimejipima kwa saa. Haijawahi kuzidi sekunde ishirini na tisa. Yule mkuu wako hakuuawa na hofu. Aliona aibu kusema."

"Na nani atakuwa nyuma yako?"

Hapo Kasyupa akatoka kwenye mstari. Alikuwa kijana wa miraba minne, mcheshi zamani, ambaye sasa alicheka tu pale wengine walipoanza.

"Mimi, afande," alisema. "Nilikuwepo siku ile. Nakumbuka kila kitu alichosema, na nilivisikia vile vishindo kama yeye. Sikuwahi kuvihesabu. Hakikuwepo kitu cha kunifanya nivihesabu. Mama Ambokile aliponijia nilimuuliza kama anataka sukari. Nimejua tu kwa uso wake kwamba nilikosea. Sijutii kupozwa, nilikuwa nimeshafunga kamba darini. Lakini kwa nusu dakika hiyo anayoisema, mtu baridi ndiye anayehitajika, na mimi ni baridi ya kutosha watu wawili. Baada ya hapo nataka kumfuata yeye."

Kamanda alimtazama daktari. Daktari alikunja midomo, akafikiri, akasema: "Kitabu changu kinakataa. Macho yangu hayana hakika tena."

"Mmenisaidia sana," alisema Kamanda kwa uchungu, na pengine angesema zaidi.

King'ora kikalia.

Msimu wa mvua kilikuwa kinalia mara mbili tatu kwa mwezi, na bado hakuna aliyekizoea. Sauti kutoka kwenye spika ikatangaza: Njia ya Sita, bomba limepasuka, mafundi wawili ndani. Watu walikimbilia makoti. Kanuni ilikuwa wazi kuhusu alama thelathini, na ilikuwa wazi vilevile kwamba king'ora kikilia kikosi humfuata yule atakayeteuliwa na kamanda aliyepo langoni, na lawama zote ni zake. Gwakisa alijua hivyo. Alikuwa na mkanda mkononi na watu wanane mbele yake, na mmoja wao, aliyekuwa bora kuliko wote, alikuwa amesimama macho yamemtoka, jasho likimchuruzika kwenye baridi ya saa nne.

Maana Tusajigwe hakuwa pale tena. Alikuwa mbele ya mlango wa chuma, mkono juu ya bega lenye namba saba. Alisikia mvuke. Alisikia neno likimtoka kinywani. Kitu ndani yake kikamnong'oneza: nyamaza, watakuona, nyamaza.

"Nimerudi mlangoni," alisema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa mstari. "Nipeni nusu dakika."

Akapiga mara mbili kwenye kifua cha koti la Kasyupa. Ngojeni.

"Vaeni kofia, kagueni vali," aliamuru Kasyupa papo hapo, bila mtikisiko wowote. "Namba mbili, kamba. Namba tano, machela. Tunasubiri mkuu wetu."

Hakuna aliyecheka na hakuna aliyegeuza uso. Wakavaa, wakakaguana, wakasubiri. Kamanda Gwakisa aliinua mkono akaitazama saa yake, na midomo yake mikubwa ikawa inahesabu.

Tusajigwe alitaja alichokiona. Tope. Buti. Nyasi zenye umande. Mwavuli wa daktari. Uso wa Kasyupa, kioo kimeinuliwa, uso wa Kasyupa kweli kweli. Akavuta pumzi mpaka tumboni. Kule mlangoni vishindo vilikuwa vinaendelea, na safari hii hakuvikimbia. Alisimama akavisikiliza mpaka mwisho. Nendeni. Nendeni. Nendeni.

Akainua kichwa.

"Ishirini na mbili," alisema Kamanda. Sauti yake nzito ilikuwa imekwaruza. Alipiga hatua mbili akamfunga ule mkanda mwekundu kwa mikono yake mwenyewe, akaukaza. "Zimebaki nane, mkuu."

"Nitunzie hizo nane, afande," alisema Tusajigwe. "Nitazihitaji humo ndani."

Na watu saba wakaingia nyuma yake.